Somo la Tauni Halikuisha

Ghala la ushirika lilikuwa halina hata punje ya kahawa tangu wanunuzi binafsi waanze kupita na malori yao nyumba kwa nyumba. Panya walihama wenyewe. Nafasi yao akaichukua Mwalimu Kilian na darasa lake la elimu ya watu wazima: watu kumi na wanane, ubao uliopasuka, na historia ya dunia ya miaka mia saba iliyopita.

Kwa maandishi ya ofisini alitakiwa kuwafundisha kusoma. Lakini kusoma walishajua tangu zile kampeni za zamani. Walichotaka ni mambo, na kila Alhamisi mchana Mwalimu aliwapa mambo. Aliwapa Mansa Musa, mfalme wa Mali, aliyepita Kairo akienda kuhiji, akagawa dhahabu kama mtu anayegawa karanga, mpaka bei ya dhahabu mjini ikaanguka na isiinuke kwa miaka.

"Kumbe soko huria lilianzia huko!" alisema Bernadi, mkulima mrefu ambaye utani haulali tumboni mwake. "Sasa hii kahawa yetu, Mwalimu, kaigawa nani?"

Walicheka, ila si sana.

Kisha ikaja barua kutoka wilayani. Alhamisi ijayo, saa nane mchana, afisa atakuja kuhesabu. Darasa lenye watu chini ya kumi na watano linafungwa, na mwalimu wake anaingia kwenye orodha ya kupunguzwa kazi. Kilian aliwasomea yote. "Kumi na wanane tupo," akasema Bernadi. "Afisa atakosa pa kukaa."

Siku hiyo hiyo akawafundisha tauni. Jinsi ilivyoshuka melini kule Sisilia, ndani ya viroboto wa panya. Jinsi Papa mwenyewe alivyoketishwa na daktari wake katikati ya mioto miwili, kiangazi, akatoka jasho, akapona.

Bibi Hildegardi, mkongwe kuliko wote darasani, alicheka hadi akakohoa. "Basi mimi sifi! Miaka hamsini niko kwenye moshi wa mafiga, na Upapa sijapewa."

"Ilipozidi," Kilian akaendelea, "baba alimkimbia mwana. Majirani walifunga milango. Maiti walirundikwa shimoni kama magunia."



"Hakuna aliyekwenda msibani?" aliuliza Tadea, mjane aliyekaa karibu na mlango.

"Hakuna."

"Hata wa kuchota maji?"

"Hata huyo."

Tadea akafunga daftari lake. "Hao walikufa kabla ya tauni, Mwalimu."

Sehemu tamu Kilian aliificha makusudi. Baada ya tauni vibarua walikuwa wachache, mabwana wakaanza kubembeleza, na mkulima, pengine kwa mara ya kwanza, akataja bei yake mwenyewe. Hiyo aliiweka kwa ajili ya afisa.

Alhamisi asubuhi Bibi Hildegardi alikutwa amelala kando ya mafiga yake, moto umezimika.

Umatengo huko, msiba ukiingia jembe halishikwi. Ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, zinabaki zilivyo, nyasi zimelazwa, nusu zimefukiwa na nusu ziko wazi, mpaka marehemu azikwe. Kilian alifika msibani, akatoa pole, akaketi kwenye gogo karibu na Bernadi.

"Mazishi saa ngapi?"

"Saa nane."

Kilian akamsogelea zaidi. "Bernadi, naomba saa moja tu. Afisa aje, awahesabu, aende zake. Halafu tunakuja wote, mimi nikiwa mbele."

Bernadi alimtazama. Safari hii hakuwa na utani. "Wewe ndiye uliyetusimulia wale waliofunga milango."

"Nilikuwa nafundisha tu, ndugu yangu."

"Na sisi tulikuwa tunasikiliza."

Saa nane kamili pikipiki ilisimama mbele ya ghala. Afisa, kijana anayeitwa Florian, alivua kofia ngumu. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Florian aliyatazama mabenchi. "Wanafunzi wako wapi?"

"Makaburini. Mwendo wa dakika kumi. Njoo uwahesabu, wapo wote. Kumi na saba wamesimama, mmoja amelala."

"Pole sana, Mwalimu. Lakini fomu inataka waliomo darasani."

"Basi ngoja hadi saa kumi."

"Nina madarasa mengine matatu, na mafuta yenyewe ya kupimiwa." Kwa mwandiko mzuri kabisa, akaandika sifuri. Akaona haya kidogo, kisha akaomba ufunguo wa ghala.

Kilian alifika kaburini udongo umeanza kurudishwa. Hakuna aliyemuuliza lolote. Bernadi alimpa koleo, naye akafukia mpaka shati likamganda mgongoni.

"Mwalimu," Bernadi alinong'ona, "wale waliobaki baada ya tauni, ikawaje? Hukumalizia."

Kilian alifungua mdomo. Mbele yake Tadea alikuwa anausawazisha udongo kwa viganja, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa. Mwalimu alishindwa kusema, mbele ya kaburi lile, kwamba kuna wakati vifo viliwanufaisha waliobaki.

"Nitakuambia."

"Alhamisi?"

"Alhamisi," akasema Kilian, akainama kuchota udongo mwingine.