Mabano Yaliyoondolewa

Katika kundi letu linaloandika viwango vya redio tambuzi, namba ambayo bado hatujakubaliana juu yake huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Kila anayejiunga hujifunza kwa kuona. Ukikuta mabano, unajua hapo pana ubishi, unasimama. Yasipokuwepo, unapita.

Rado Pirnat, mhariri wetu, ndiye aliyeondoa mabano kwenye kizingiti cha usikivu.

Redio za aina hii hazina masafa yake maalumu. Programu iliyo ndani husikiliza kwanza, na ikikuta masafa yanatumika, huhamia kwingine. Kizingiti ndicho kinachoiambia mawimbi yawe hafifu kiasi gani ndipo ihesabu kwamba hapo hapana mtu. Rado aliipima namba yake kwenye shamba la baba mkwe wake, nje ya mji wa Ptuj, antena ameifunga juu ya kichanja cha kukaushia nyasi, pande zote uwanda mtupu. Akaiweka kwenye rasimu ndani ya mabano, akasubiri wenzake walete vipimo vyao. Hatukuleta. Alipokuwa akisafisha rasimu kabla ya kikao cha Ljubljana, aliona mabano yale yamekaa mno, yanachafua ukurasa. Akayafuta. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alitaka tu kazi ionekane imekwisha.

Siku ya kwanza ya kikao tulikwenda kutazama onyesho kwenye kanisa la zamani ambalo sasa ni ukumbi wa kwaya. Neža Kavčič, aliyeunda redio ya majaribio kwa kuifuata rasimu neno kwa neno, aliweka kisanduku chenye redio hiyo nyuma ya nguzo. Mwimbaji, mama wa makamo aliyevaa koti la kijani, alishika maikrofoni isiyo na waya. Kisanduku kilitakiwa kuisikia na kuipisha. Lakini nguzo na kuta za mawe zilimeza sehemu kubwa ya mawimbi, na yaliyobaki yalikuwa chini ya kizingiti. Redio ikaamua masafa ni matupu, ikaanza kurusha. Ubeti wa pili ukageuka mkwaruzo. Mama yule aliendelea kuimba kidogo huku watu wakicheka, kisha akashusha maikrofoni na kutazama viatu vyake. Neža alikimbia akachomoa waya wa umeme.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tukinywa kahawa nje ya chumba cha mkutano.

"Dada Neža," akasema Fausto Quintela, mjumbe wa Lisbon, "kile kisanduku chako kilitaka kuimba sauti ya pili?"

"Kilitaka kukunyamazisha wewe, kikakosea mtu."

Tulicheka. Rado alicheka pia. Neža alikuwa akimegamega mkate wake wa jibini bila kuula.

Mwenyekiti wetu, Alenka Zorman, alipofika kwenye suala la onyesho, alimpa Neža nafasi. Neža alisimama, jambo ambalo sisi hatulifanyi. Huwa tunazungumza tumekaa.

"Nimekikagua kisanduku upya na sijaona hitilafu," alisema. "Maana yake kuna kitu nimeshindwa kukiona. Naliomba radhi kundi zima. Yule mama nimeshampigia simu. Mkiona kisanduku changu kitolewe kwenye majaribio yajayo, sitabisha."

"Pole, mwenzetu, hutokea," Alenka akasema. "Basi napendekeza kisanduku cha Neža kitolewe, na rasimu ipite kama ilivyo. Kuna pingamizi?"

Kwetu sisi, kimya ni kukubali. Alenka husubiri kidogo, kisha hugonga meza kwa kalamu, na jambo limekwisha.

Rado aliitazama namba yake kwenye skrini kubwa. Alisubiri mtu mwingine aulize imetoka wapi. Kalamu ya Alenka ilikuwa imeshainuka.

"Nina pingamizi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Makubwa haya! Mhariri anapinga rasimu yake?" Fausto akauliza.

"Namba ya kizingiti ni yangu. Nilipima mahali pamoja tu, shambani. Ilikuwa kwenye mabano, nikayafuta bila kumwuliza mtu. Kisanduku cha Neža kilifanya kile tulichoandika."

Alenka aliilaza kalamu bila kugonga.

"Rado," Alenka akasema, "hapo nilipita bila kusimama kwa sababu hapakuwa na mabano. Sote tulipita."

"Najua, mama mwenyekiti."

"Yarudishe. Sasa hivi, tukiona."

Aliandika mbele yetu, kwenye skrini ile ile. Vidole vilikosea kitufe, akafuta, akarudia. Neža alikaa.

Wakati wa mapumziko Rado alimfuata kwenye korido.

"Neža, nisamehe."

"Ulijua lini?"

"Pale ukumbini. Ulipochomoa waya."

"Kwa hiyo asubuhi ulikuwa unacheka na unajua."

"Ndiyo."

"Na nilipokuwa nimesimama pale naomba radhi?"

"Ndiyo. Nilitaka kwanza..."

"Ungenikatiza tu, Rado. Humu ndani watu wanakatizana kutwa nzima."

Aliingia ndani. Rado alibaki akitazama mlango, kisha naye akaingia, maana ndiye anayeandika kumbukumbu za kikao.

Tulikuwa tumefika kwenye vipimo vipya, safari hii ndani ya majengo ya mawe, na Neža ndiye aliyepewa kuviongoza. Alenka akauliza nani atamsaidia. Rado aliinua mkono.

"Mwingine, tafadhali," Neža akasema, macho kwenye karatasi zake.

Fausto akasema yeye yupo, bila utani wowote. Rado aliushusha mkono juu ya kibodi, akaandika jina la Fausto.