Kiwanja Kilichoandikwa Shamba

Mara ya nne Agnès alipopanda ngazi za ofisi ya mipango ya mji, hakumsalimia mtu. Mara ya kwanza aliambiwa alete picha ndogo mbili. Ya pili, barua ya chef, mkuu wa eneo lake. Ya tatu, mwenye ufunguo wa kabati alikuwa amekwenda matangani, na ramani zote zimo ndani ya kabati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa. Lakini yeye alikuwa ameinama mpaka kiuno kinamuuma, na cha mvunguni bado hajakiona.

Alichotaka ni kitu kimoja tu: ruhusa ya kujenga nyumba katika kiwanja chake kule Annexe, pembezoni mwa mji. Vyumba vitatu, si jumba la kifalme. Baba yake, Papa Sylvain, alichomelea vyuma vya kampuni miaka thelathini na minane, na miaka yote hiyo alilala katika nyumba ya kampuni. Sasa kampuni inazitaka nyumba zake. Wastaafu wote watoke kabla Septemba haijaisha, na Agosti ilikuwa ukingoni. Matofali yalikuwa tayari, fundi alikuwa tayari, mzee alikuwa ameshaanza kufunga vyombo. Kilichokosekana ni karatasi.

Siku hiyo kabati lilikuwa wazi. Karani, Monsieur Clément, mtu mpole kuliko Agnès alivyotaka awe, alitandaza ramani juu ya meza. Aliitafuta namba kwa ncha ya kalamu, akaipata.

"Mama, hapa haiko parcelle ya kujenga," alisema. "Iko shamba."

"Shamba ya nani? Hii kiwanja niliuziwa na Mama Mwansa. Udongo ya babu yake. Chef alitia signature, bantu balishuhudia, munkoyo tulikunywa."

"Yote ile iko ya kweli. Mama Mwansa alikuuzishia udongo muzuri. Lakini kintu gani utafanya juu ya ile udongo, haiko yeye njo anapanga. Iko hii plan. Fasi ya jaune, unajenga. Fasi ya verte, unalima."

Agnès aliinama juu ya ramani. Kiwanja chake kilikuwa kijani kibichi. Kiwanja cha jirani yake Jeannot, hatua kumi tu kutoka pale, kilikuwa cha manjano kama kiini cha yai. Jeannot yule yule aliyemwaga msingi wa zege siku mbili, akaenda zake Kolwezi, na tangu hapo mijusi ndiyo inayoishi mle.

"Juu ya nini ya Jeannot iko jaune?"

"Ile mwaka ba-géomètre balipita, kwa Jeannot balikuta fondation. Kwako balikuta mahindi."

Hapo Agnès alitafuta kiti bila kukaribishwa. Kule Annexe hata mtoto anajua kwamba kiwanja kilicholala hakina mwenyewe. Ukikiacha kiote majani, msimu mmoja tu, utakikuta kimeuzwa kwa watu wawili wasiojuana. Mwenye uwezo humwaga msingi; asiye na uwezo hupanda mahindi, ili kila apitaye aone kuna mkono wa mtu. Agnès alipanda mahindi. Alipanda misimu mitatu, mgongo ukimlaani.

Na wale wapima ardhi walipofika na vyombo vyao vya miguu mitatu, uvumi ulienea kwamba wamekuja kunyang'anya viwanja visivyotumika. Basi Agnès alitoka mbio. Aliwachomea mahindi mabichi wakala wakashiba. Aliwazungusha tuta kwa tuta, akajisifu kwamba hilo lote ni shamba lake, analilima kila mwaka na ataendelea kulilima mpaka Mungu amwite. Walipompa fomu atie sahihi, aliitia kwa furaha. Kuuliza si ujinga, lakini siku ile aliona heri asiulize, wasije wakabadili mawazo.

Majuto ni mjukuu, watu husema. Huyu wa kwake alikuwa ndani ya faili ya Monsieur Clément, kwa wino wa buluu.

"Usage: agricole," karani alisoma, yaani matumizi ni kilimo. "Hii haiko signature yako?"

"Iko yangu." Aliisukuma faili pembeni. "Na kama ningeachaka majani tu?"

Clément alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli. "Majani haina usage. Pengine bangekuwekea jaune."

Agnès alitaka kucheka, akaona kwamba akianza hatacheka bali atalia, na hakutaka kulia mbele ya kabati. Aliuliza rangi inabadilishwaje. Kwa maombi, aliambiwa. Halafu commission itakwenda kuangalia. Halafu faili itapanda kwenye jimbo kutafuta sahihi. Mwaka mmoja. Pengine miwili.

"Papa yangu banamutosha mu nyumba ya kampuni mwezi unaokuja," alisema.

Clément alifungua droo, akatoa fomu nyingine. "Shamba iko na haki ya sentinelle, mulinzi. Vyumba mbili, bila kupitisha, na sentinelle analala palepale. Ile minaweza kukupatia leo. Andika jina yake, naye atie signature."

Alifika nyumbani jua bado kali. Papa Sylvain alikuwa ameketi juu ya sanduku, anakunja mapazia. Agnès alimweleza yote kwa mkupuo mmoja, akiwatukana wapima ardhi, ramani, mahindi, na zaidi ya wote yeye mwenyewe.  Mzee alivaa miwani, akaisoma fomu mwenyewe, mstari kwa mstari, kidole chake kikitambaa chini ya maneno.

Kidole kilisimama karibu na mwisho.

"Hapa banaandika: nyumba iko ya kazi. Sentinelle akiacha kazi, anatoka." Aliinua macho. "Na siku magulu itakataa kusimama na kulinda?"

"Papa, shamba iko yangu. Nani atakutosha?"

"Haiko weye, mwanangu. Minasoma tu vile banaandika."

Agnès alimpa kalamu. Alimwona baba yake akiiweka fomu juu ya goti, akiandika jina lake kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kiwandani. Penye kazi aliandika sentinelle. Alitia sahihi, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimrudishia msimamizi wake.

"Bien," alisema Papa Sylvain. "Kazi inaanza saa ngapi?"