Frigo Iliyonyamaza

Saa tano na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Juni, tone la kwanza la maji lilianguka kutoka ndani ya jokofu na kugonga beseni la plastiki. Umuhire aliufungua mlango zaidi, akauegemeza kwa kiti usijirudi. Jokofu hilo, ambalo nyumbani kwao, kama Gisenyi nzima, liliitwa frigo tu, alikuwa amelichomoa kwenye umeme alfajiri, kabla ya kwenda kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Sasa amerudi, koleo limeoshwa na kusimamishwa mahali pake, na barafu imeanza kulegea.

Kila mwaka, mvua za mwisho zikikatika na vumbi la mashamba ya Cyanzarwe likianza kushuka mjini, Umuhire alisafisha kila kitu kinachotumia umeme. Pasi, birika, jiko la sahani moja, redio ya baba yake: vyote vilipangwa uani juu ya mkeka, kando ya ukuta wa mawe meusi ya volkeno, vikafunguliwa na kupigwa brashi. Alikuwa mpimaji wa maabara katika kituo cha afya. Aliamini kwamba kifaa hakifi ghafla. Hufa kwa uchafu ambao mtu aliuona akauacha.

Jirani yake, Saidati, alikuja kuchukua maziwa, samaki wadogo wa sambaza na isombe ya majani ya muhogo vilivyotolewa kwenye frigo. Ndivyo walivyosaidiana kila kiangazi: leo vyakula vya huyu vinalala kwa yule, wiki ijayo vya yule vinalala kwa huyu. Alisimama akitazama brashi zilizopangwa kwa ukubwa.

"We Umuhire, siku moja utaosha mpaka maji."

"Maji yanaoshwa. Ndiyo maana kuna chujio."

"Yooo. Papa Rutayisire, unamusikia mutoto wako?"

Mzee Rutayisire alikuwa varandani, kwenye kiti chake ambako Umuhire alimkalisha alfajiri, uso umeelekea ziwani ingawa hakuliona. "Niko namusikia," alisema. "Mama yake njo alikuwa hivi. Alikuwa anapangusa hata kivuli."

Saidati alicheka. "Bon, osheni. Lakini hii frigo yenu itatetemeka tu. Mi niko kwangu, mulango umefungwa, naisikia. Iko na malaria."

"Leo itapona," Umuhire alisema.

Mzee alikuwa amepoteza macho miaka minne iliyopita, kwa ile presha ya macho inayokuja bila maumivu. Kabla ya familia kurudi Rwanda alikuwa fundi wa injini katika meli za Goma na Bukavu, na ujana wake wote aliupitisha chini ya sitaha, mahali ambapo hata mwenye macho hana cha kutazama. Ndani ya nyumba alitembea bila fimbo. Lakini Pasaka iliyopita alianguka bafuni, na Cedric, mdogo wake Umuhire anayefanya kazi Kigali, alisema neno moja akalisimamia: Papa akianguka tena, au akipotea ndani ya nyumba hii hata mara moja, atahamia kwake, ghorofa ya tatu. Umuhire alikubali. Hakuwa na ushahidi wa kumpinga. Mzee alipoambiwa aliuliza kitu kimoja tu: "Kule ziwa iko?" Akaambiwa haliko. 

Mchana barafu ilianza kuachia kuta kwa vipande vipana. Haikusikika ikivunjika, ilishusha pumzi tu, kisha ikateleza. Ndani ya kipande kimoja, kilichokuwa cheupe kama maziwa, kulikuwa na punje moja ya njegere, ya kijani kabisa, haijulikani imelala humo tangu lini. Umuhire alikipeleka varandani akakiweka katika kiganja cha baba yake. Mzee alikishika. Maji yalimshuka mkononi hadi kwenye kiwiko, yakadondoka sakafuni, na mwishowe kiganjani ikabaki punje. Mbele yao ukungu ulikuwa umefuta mstari kati ya maji na anga, na mitumbwi ya sambaza, ikiwa imefungwa mitatu mitatu, ilionekana kuning'inia mahali pasipo na kitu.

"Imefika," mzee alisema, akaila njegere.

Alasiri Umuhire aliosha mpira wa mlango kwa maji ya vuguvugu na soda ya kuokea, akaupima kwa kipande cha karatasi: mlango ukifungwa, karatasi isivutike. Haikuvutika. Nyuma, alitoa manyoya ya vumbi yaliyoshonana kwenye waya za kupozea. Ndipo alipoona chanzo cha kelele. Bomba jembamba la shaba lilikuwa linagusa waya, na mguu mmoja wa mbele ulikuwa mfupi. Alilisogeza bomba kwa kidole. Aliweka pima maji juu ya frigo, akazungusha mguu mpaka kipovu kikatulia katikati. Alipoirudisha kwenye umeme mota iliwaka, na hakuna aliyeisikia. Ilibidi aweke kiganja ubavuni mwake ili kuamini.

Jioni hiyo nyumba ilikuwa kimya kwa namna mpya. Mzee aliingia ndani ameshika bega la binti yake, kwa sababu mkeka na vifaa, vilivyorudishwa ndani, vilikuwa bado njiani. Umuhire alilala upesi, akaota vyumba vimefunguliwa kamba na kuachana polepole, kila kimoja kikienda upande wake bila mawimbi.

Asubuhi ya Jumapili kiti cha varandani kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, mikono juu ya magoti.

"Papa, hutoki?"

"Niko nangoja mashine."

Umuhire alidhani ni mkia wa ndoto ya mzee. Kukaa ukingoni mwa kitanda hakukumshangaza. Baba yake alifanya hivyo kila asubuhi, na daktari ndiye aliyemwagiza, ili damu isimshuke ghafla akisimama. Alirudi jikoni kuwasha makaa. Muda si mrefu alisikia kigoda kikianguka. Alimkuta mzee katika chumba cha akiba, amesimama kati ya magunia ya viazi, muundi wa mguu umechubuka, viganja vyote viwili ukutani kama mtu anayezuia ukuta usiondoke.

"Bamezima mashine," alisema kwa sauti ya kawaida. "Tuko tunaelea."

"Uko nyumbani, Papa."

"Nyumbani gani iko kimya hivi?"

Cedric, aliyekuwa ameahidi kuja Jumapili hiyo, alifika kutoka Kigali saa saba mchana, akitoka misani moja kwa moja. Aliuona muundi uliochubuka. Kisha mzee, aliporudishwa chumbani, akarudia maneno yale yale kuhusu mashine na kuelea, na Cedric akamvuta Umuhire kwenye koridoo.

"Yaya," alisema, kama watu wa Goma wanavyomwita ndugu mkubwa, "umesikia mwenyewe. Hii si kuanguka. Hii ni kichwa. Donc, tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

"Usinitazame hivyo. Mi sipendi pia."

Alichukua begi, akaanza kukunja nguo za baba yao. Mzee alimsikia akifungua kabati.

Umuhire alienda kukaa mbele ya frigo. Hakulia, alihesabu yaliyobadilika. Samani zilikuwa pale pale. Milango ilikuwa pale pale. Kisha alikumbuka kitu alichokuwa akikiona kila asubuhi bila kukipima: baba yake hakukaa ukingoni mwa kitanda kwa muda uleule. Siku nyingine aliinuka mara moja, siku nyingine chai ilipoa ikimngoja. Damu ya mzee haina sababu ya kubadilika hivyo. Frigo inayo. Huwaka, ikapoza, ikazima, ikangoja, ikawaka tena.

Alirudi chumbani.

"Papa, mashine iko upande gani?"

"Leo haiko."

"Ikiwaka. Iko upande gani?"

Mzee alinyanyua mkono kama anayemwelekeza mwanafunzi. "Ukitoka kabini, iko mbele, kuume. Unaiendea. Ikifika kwenye sikio la kuume kabisa, unageuka kushoto, unapata hewa. Njo sitaha."

Cedric aliacha kukunja shati. Umuhire aligeuka akaitazama koridoo: mbele, upande wa kuume, frigo, mkabala nayo, kushoto, mlango wa varanda. Mzee hakuwa ameota. Alikuwa ametoa taarifa, nao wakaichukua kuwa ndoto.

Hakulirudisha bomba lilipokuwa. Shaba ikisuguana na waya hutoboka, na gesi ikitoka frigo imekufa. Badala yake alilegeza skrubu moja ya waya wa nyuma, akazungusha mguu wa mbele kurudi ulivyokuwa, na chini yake akatia kizibo cha chupa ya soda. Pima maji aliiacha kabatini. Mota ilikuwa imezima. Akafungua mlango wa frigo, akauacha wazi ili joto liingie, akasubiri. Cedric alikuja akasimama koridoni, begi mkononi, akitaka kuuliza.

"Ngoja," Umuhire alisema, akaufunga.

Mota iliwaka. Waya ulianza kutetemeka, kizibo kikaitikia, na mtetemo ukapita sakafuni, ukaingia ukutani, ukashika vikombe ndani ya kabati. Kutoka ng'ambo ya ua, Saidati alisema kwa sauti, "Malaria imerudi."

Kitanda kililia. Mzee Rutayisire alitokea mlangoni mwa chumba chake, kichwa kimeinama kidogo upande wa kuume, akaanza kutembea. Hakupapasa. Cedric alibana mgongo ukutani, begi amelikumbatia kifuani, na baba yake akapita mbele yake bila kumgusa. Alipofika kwenye frigo alinyoosha vidole viwili, akaugusa mlango wake jinsi mtu anavyogusa ubavu wa ng'ombe anayemjua. Akageuka kushoto. Hewa ya ziwa ilimpiga usoni, akashuka kizingiti, akakaa.

"Nani amesimama pale na muzigo katikati ya njia?" aliuliza kutoka nje. "Nimemusikia anapumua."

"Ni mimi, Papa," Cedric alisema.

"Bon. Uweke chini."

Cedric alirudi chumbani. Alitoa mashati, moja baada ya jingine, akayatundika tena kabatini. Saa kumi na dakika tano gari lake lilitoka langoni na kushika barabara ya Musanze kuelekea Kigali. Ndani yake mlikuwa na mtu mmoja.