Kitovu cha Bi Zuleha

Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Hasna alikuwa uani akipasua migebuka. Mama yake, Bi Zuleha, alikuwa amekaa mkekani na ungo wa dagaa mapajani, akichambua mchanga na vijiti. Sebuleni friji lilikuwa linanguruma. Bi Zuleha alikuwa analalamika kwamba dagaa wa siku hizi wanaanikwa ovyo, utadhani wateja wana meno ya chuma, na kwamba hata ukiwaosha mara saba hawapikiki bila kuwatia—

Friji likanyamaza. Bi Zuleha naye akanyamaza, mkono ukiwa hewani na dagaa watatu vidoleni.

Hasna alinawa mikono. Akachukua kanga, akamfunika mama yake kichwa mpaka mikononi ili nzi wasimtue, akausogeza ungo mahali kuku hawafiki. Akamgusa shavu. Lilikuwa limeanza kupoa. Kifua hakikupanda wala hakikushuka. Aliitazama saa ya ukutani, ile ya betri, kisha akarudi kwa samaki wake, lakini macho yalibaki kwenye saa na akajikata kidole gumba.

Saa tano kasoro dakika tano friji likaguna.

"—chumvi nyingi," akasema Bi Zuleha, akawadondosha wale dagaa watatu kwenye sufuria. Akauliza nani kamfunika kanga na jua lote hili. Hasna akasema ni yeye, umeme ulikuwa umekatika. Bi Zuleha akaitikia "Hm," kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua ilipita wakati amelala.

Hali hiyo ilikuwa na miezi saba na mtaa mzima uliijua. Ujiji si mji wa kushangaa ovyo; umeona misafara, umeona wazungu waliopotea na wazungu waliokuwa wanawatafuta, na umejifunza kwamba kila jambo lina siku zake. Majirani waliopita na kumkuta Bi Zuleha amesimama wima katikati ya ua na ufagio mkononi, baridi kama jiwe la kisimani, walimwambia Hasna pole, wakauliza umeme umeenda saa ngapi, wakaenda zao.

Chanzo chake kilijulikana pia. Bi Zuleha alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa palepale uani, na baba yake akapanda mchikichi juu yake. Mti ukakua pamoja naye, ukampa mawese na mafagio. Zilipokuja nguzo za umeme wa gridi ya taifa, wakaja na watu wa kufyeka njia ya waya, na makuti ya mchikichi ule yalikuwa yanaugusa. Wakaukata asubuhi moja, wakaacha kisiki. Nyumba ikakaa misimu miwili ya mvua ikingojea mita, na kisiki nacho kikaoza taratibu.

Mita ilipopatikana, akaja fundi Telesphory, mtu wa Kasulu, mpole, mwenye nyumba tisa za kumaliza siku hiyo. Bi Zuleha alikuwa msibani Katonga. Telesphory alibaki na kazi moja tu, kupigilia chuma cha ethi, ule msumari mrefu unaozamishwa ardhini ili umeme ukizidi upate pa kwenda. Ua ulikuwa mgumu kama sakafu. Mtu wa Kasulu anajua kwamba huchimbi ua wa watu bila kuuliza nini kimezikwa wapi. Kwao pia vitovu huzikwa. Lakini siku ile hakuuliza. Na Hasna, aliyekuwa na hamu ya friji jipya, alimwonyesha kisiki mwenyewe, akasema hapa ni laini, hapa chuma kitazama bila jasho.

Kikazama kweli. Kilimchukua Telesphory nyundo sita. Umeme ulipowashwa, Bi Zuleha, aliyekuwa anafunga kanga kiunoni kule Katonga ili arudi nyumbani, alihisi joto tumboni, akadhani ni njaa.

Hasna hakuwahi kumwambia mama yake nani aliyeonyesha kisiki. Hilo alilibeba mwenyewe, na lilikuwa zito.

Walijaribu kukitoa kile chuma. Telesphory alirudi na koleo kubwa, akakizungusha kidogo tu, na Bi Zuleha aliyekuwa jikoni akajikunja akishika kitovu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, acha. Kimeota." Telesphory akaacha. Akaomba radhi kwa Kiha, kisha kwa Kiswahili, kisha akakaa chini na kushika kichwa. Siku nyingine alileta jenereta dogo ambalo jamaa yake hulikodisha maharusini, akaliunga umeme ukiwa umekatika. Bi Zuleha akafumbua macho, akatetemeka kwa mtetemo wa mashine, akaanza kuwakaribisha wageni wa meza kuu na kuwasihi wapambe wa bibi harusi wasogee mbele. Wakaizima. Alikohoa moshi siku mbili.

Basi ikabaki gridi. Jioni, watu wote wanapowasha pasi na majiko, umeme ukawa mdogo na Bi Zuleha akasema polepole, neno moja kwa pumzi moja. Umeme ukizidi alifagia ua mara tatu na kutaja majina ya watu waliokufa kabla ya uhuru. Ukikatika kwa sekunde, aliruka silabi. Haya yote Hasna aliyazoea. Ambalo hakulizoea ni ukimya. Kila friji liliponyamaza alihesabu dakika, na kila mara alijiuliza swali lilelile: safari hii akikaa sana, nitajuaje kwamba amesimama tu na hajafa? Maana mwili wa Bi Zuleha haukuonyesha tofauti. Na kwao maiti huzikwa siku hiyohiyo.

Alikwenda ofisi ya umeme. Ofisa wa huduma kwa wateja aliitwa Marcelina, mwanamke mwenye adabu na feni mezani. Alimsikiliza Hasna mpaka mwisho bila kukunja uso, akafungua droo, akatoa fomu ya mteja mwenye mahitaji maalumu. Fomu ilitaka barua ya daktari. Hasna akaeleza kwamba kwa daktari walikwishakwenda. Umeme ukiwepo, daktari alimwona Bi Zuleha mzima, isipokuwa magoti. Na alisema akimpima umeme ukiwa umekatika itambidi aandike cheti cha kifo, na cheti hicho kikishaandikwa hakifutiki.

Marcelina akaandika pembeni ya fomu: inasubiri. Kisha akaigeuza kompyuta ili Hasna naye aone. Mtaa wao ulikuwa na rangi ya kijani. Upatikanaji wa umeme kwa mwezi ulikuwa asilimia tisini na nane. Hasna akasema mbona kwa wiki moja tu umekatika mara kumi na nne. Marcelina akamweleza kwa upole kwamba kukatika kwa chini ya dakika tano hakuingizwi kwenye hesabu.

"Na hizo mbili zilizobaki kwenye mia?" Hasna akauliza.

"Hizo zinakubalika kitaalamu, dada yangu."

Hasna akauliza habari za yale majenereta ya zamani, yaliyoupa mji umeme kabla ya gridi. Yalikuwa na kelele na moshi, na mgao wake ulikuwa wa kuudhi, lakini yalikuwa hapahapa mjini. Injini moja ikifa, fundi alisikika akitukana na nyingine ikawashwa. Sasa waya unatoka mbali, unapita misitu na milima, na mti ukianguka mahali asipopajua, mama yake anasimama na dagaa mkononi. Marcelina akaangalia mlango, akapunguza sauti. Alisema majenereta yalipakiwa kwenye matrela yakaondoka, kwa sababu sera inasema mji uliounganishwa na gridi hauhitaji mitambo yake. Njia ya pili ya waya, ya kusaidia hii ikishindwa, ipo kwenye mchakato. Mchakato uko wapi, hakujua. Mama yake mwenyewe anakaa Ilagala, alisema, na huko nako mambo ni hivyohivyo. Hasna hakuuliza hivyohivyo maana yake nini.

Alhamisi tangazo likabandikwa kwenye nguzo. Jumamosi umeme ungekosekana kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ili kubadilisha vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya kwenye laini kubwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.

Saa kumi mfululizo bila umeme hazikuwa zimewahi kutokea. Hasna alikwenda kwa Sheikh Luqman, anayeswalisha msikiti wa mtaa wao, akamwomba kwamba lolote litakalosemwa, mama yake asizikwe. Sheikh akafikiri sana. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa anamwogopa Mungu kuliko ofisi yoyote.

"Mimi sina mamlaka juu ya gridi, binti yangu," akasema. "Nina mamlaka juu ya jeneza tu. Maiti hacheleweshwi, na aliye hai hazikwi. Nitakungojea mpaka alasiri ya Jumapili. Zaidi ya hapo nitakuwa namdhulumu mama yako, kama amekufa."

Jumamosi asubuhi Bi Zuleha alioga, akavaa kanga safi, akanywa chai na muhogo wa kuchemsha. Alikuwa anajua. Hasna alikaa mbele yake, magoti yakigusana na ya mama yake, na kwa mara ya kwanza akasema lile alilokuwa amelificha: ni yeye aliyeonyesha kisiki. Bi Zuleha akameza muhogo kwanza.

"Nilijua," akasema. "Telesphory ni mgeni kwenye ua huu, angejuaje pa laini?"

Hasna akalia. Kisha akauliza lile swali. Bi Zuleha akamfuta machozi kwa pindo la kanga, akaitazama saa ya ukutani, akaona bado zipo dakika tatu, akaanza taratibu, kama mtu mwenye nafasi.

"Nikifa kweli, Hasna, hutahangaika kujua. Maana siku hiyo—"

Umeme ulikatwa saa mbili kasoro dakika tatu. Dakika tatu hazihesabiwi.

Hasna alibaki amemshika mikono mpaka ikapoa. Alimlaza mkekani, akamfumba macho, akakaa. Saa kumi na mbili jioni ilifika, na friji halikuguna. Usiku ukapita. Jumapili asubuhi likaja tangazo la pili, kwenye simu za watu: kumetokea hitilafu ya kiufundi, mafundi wanaendelea na kazi, umeme utarejea mapema iwezekanavyo, tunaomba radhi.

Majirani wakaanza kuleta mikeka na masufuria. Hawakuwa na ubaya. Wenye msiba hawaachwi peke yao, na kama si msiba, chakula kitaliwa vilevile. Saa saba Telesphory akaja, akachuchumaa kando ya kile chuma, akaweka kiganja juu yake. Kila mtu alipomtazama, alitikisa kichwa. Hasna alikuwa ameacha kuhesabu. Alikuwa anairudia ile sentensi ya mama yake akiitafutia mwisho, na kila mwisho aliouweka aliuona ni uongo.

Alasiri ikaadhiniwa. Sheikh Luqman akaingia uani, akamtazama Hasna, akangoja robo saa nzima ambayo hakuahidi. Kisha wanawake wakamwosha Bi Zuleha. Hasna aliwasihi maji yawe ya uvuguvugu, nao wakakubali. Wakamvika sanda, wakamtia pamba puani na karafuu maiti kifuani. Akaswaliwa palepale uani. Wanaume wanne wakainua jeneza, na Telesphory, ambaye si Mwislamu, akasimama ukutani na kofia mkononi.

Walikuwa wamefika mlango wa uani friji lilipoguna.

"—umeme utakuwepo," ikasema sauti ndani ya jeneza.

Sheikh Luqman akainua mkono. Wakalishusha jeneza polepole, wakaifungua sanda upande wa kichwa. Bi Zuleha akachomoa pamba puani, akaitazama, akauliza chai yake imepoa kiasi gani. Wanaume wakarudisha jeneza msikitini. Wanawake wakapakua chakula, kwa kuwa kilikuwa kimeshapikwa, na Bi Zuleha akala sahani mbili, akichota kisamvu na kusema sombe ya msiba huwa haikosi mawese. Sheikh aliondoka bila kuaga, na watu wakasema alikwenda kuswali.

Hasna hakula. Alikuwa anaiunganisha sentensi, nusu ya Jumamosi na nusu ya Jumapili. Nikifa kweli hutahangaika kujua, maana siku hiyo umeme utakuwepo. Kwa miezi saba alikuwa akiogopa friji likinyamaza, na likinguruma alipumzika, akapasua samaki, akalala. Sasa hapakuwa na pa kupumzikia.

Mwisho wa mwezi ripoti ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi: asilimia tisini na nane. Fomu ya Hasna ilikuwa bado inasubiri. Tangazo jipya likabandikwa kwenye nguzo, Jumamosi mbili zijazo, laini ileile, radhi ileile.

Siku hiyohiyo ya kubandikwa tangazo, adhuhuri, umeme ulikuwepo, mwingi na tulivu. Friji lilikuwa linanguruma, taa ya sebuleni inawaka bila sababu. Bi Zuleha alikuwa amejilaza mkekani, macho ameyafumba, ungo umepinduka kando yake na dagaa wamemwagika. Hasna aliweka kisu chini. Akaitazama taa, akaona haikucheza hata kidogo. Akapiga magoti, akaweka kidole chenye kovu chini ya pua ya mama yake, akangoja.

Pumzi ikaja. Akakiacha kidole palepale, akangoja nyingine.