Nyumba za Nukta

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa kiwanda cha magunia saa nne asubuhi, na saa nne na robo mvua ikaanza. Watu wakaifunika kwa nailoni, wawili wakashika huku, wawili kule, wino usije ukachuruzika. Msomaji alikuwa Shiuli. Huku mtaani kwetu Dokhinpara karatasi ya serikali ikitundikwa popote huitwa yeye, maana yuko chuo kikuu mwaka wa nne, anasomea usanifu wa majengo. Ni binti wa Moksed, yule aliyekuwa fundi wa mitambo ya kufuma kabla kiwanda hakijafungwa na mapafu yake hayajaharibika.

Dokhinpara ingebomolewa ipite barabara ya bandarini. Hilo lilijulikana tangu mwaka jana, watu wakalia, wakachoka kulia. Kilichokuwa kikisubiriwa ni majina ya watakaopewa vyumba kwenye maghorofa mapya nyuma ya stendi. Nyumba zetu ni mia mbili na kumi na nne. Majina yalikuwa arobaini na moja.

"Rudia," akasema Mama Kohinur, amemshika Shiuli mkono wa gauni.

"Nimesharudia mara mbili, mama mdogo."

"Soma na upande wa nyuma."

"Nyuma hakuna kitu."

"Karatasi kubwa yote hiyo, nyuma wasiandike kitu? Angalia vizuri, mwanangu. Miwani yako ina maji."

Shiuli akafuta miwani, akainua pembe ya karatasi, akatazama. Palikuwa na gundi tu. Baba yake alikuwa wa sita kwenye orodha. Kohinur, mjane aliyeshona magunia ya kiwanda hicho mpaka vidole vikapinda, hakuwemo, wala jirani zake wote wa upande wa mtaroni.

Chini ya majina palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo, na huo Shiuli hakuusoma kwa sauti. Aliusoma Habul muuza chai, ambaye aliishia darasa la tano lakini macho yake ni mazima. "Nyumba za kudumu pekee. Kwa mujibu wa ramani iliyoandaliwa na Chama cha Wanafunzi wa Usanifu." Akamgeukia Shiuli. "Chama cha wanafunzi. Si nyinyi hao mliokuja na tepu, mkanywa chai yangu siku tisa?"

Shiuli akasema ndiyo, ni sisi.

"Na kwenu mkapachora pa kudumu. Hongera."

Hakuna aliyecheka. Mvua ilizidi, na wale wa nailoni wakachoka mikono.

*

Walikuja kweli siku tisa, mwezi wa kumi na moja, vijana arobaini wenye viatu vyeupe. Kila mwaka vyama vya wanafunzi wa usanifu wa nchi nzima hukutana na kushindana: mnachagua mahali, mnapapima mpaka ufa wa ukuta, mnachora, mnapeleka karatasi zenu kwa majaji. Wengine huchagua misikiti ya kale na majumba ya matajiri waliokufa. Mwenyekiti, Tanzim, alitaka kitu ambacho hakuna aliyekichora, ndipo Shiuli akainua mkono.

Na tumwelewe. Miaka mitatu alikuwa mwanachama wa jina tu. Safari za chama hakwenda, fulana ya chama hakuwa nayo, na kwenye picha ya pamoja husimama pembeni kabisa, bega moja limekatwa. Siku hiyo Tanzim alisema, "Shiuli, dada, kumbe wewe ndiye hazina yetu!" na watu wakapiga makofi. Nani asingefurahi?

Aliwafungulia milango. Bila yeye wasingeingia hata uani. Mama Kohinur alitoa kitanda nje ili wapime chumba kwa raha, akakunja chandarua, akawakaangia bisi za mchele kwa pilipili na vitunguu. Nyumba yake ni tofali hadi magotini, kisha mianzi, kisha mabati. Amekaa humo miaka thelathini na mmoja, kazaa humo wanne na kuzika wawili. Shiuli aliipima mwenyewe. Aliichora kwa wino mzito kama alivyochora nyumba zote, kwa sababu ukuta ni ukuta.

Siku tatu kabla ya kupeleka, Tanzim aliinamia karatasi, akakunja uso.

"Nzito mno. Huku mtaroni pamesongamana, jicho halipumui. Haya ya mabati yafanye nukta. Mistari ya nukta, laini, yaelee."

"Lakini ni nyumba, Kaka Tanzim."

"Nani kasema si nyumba? Nakuambia kuhusu karatasi."

Akakesha akizifanya nukta, nyumba mia moja sabini na tatu. Na kweli ikapendeza, hata yeye aliona. Ila ramani haiwi na nukta bila ufunguo. Lazima pembeni uandike nukta ni nini. Mtu mmoja akauliza, tuandike nini? Mwingine, aliyekuwa akila mkate, akasema andika "za muda". Ikaandikwa. Haikuchukua dakika. Wakapata kombe, na manispaa, iliyokuwa mgeni wa heshima, ikaomba nakala.

*

Chama kilikutana Jumatatu alasiri kwenye chumba cha kuchorea. Ajenda ya kwanza ilikuwa rangi ya fulana za mkutano mkuu, ikala saa nzima, kwa sababu wengine walitaka kijivu na wengine kijivu cha kuiva. Ya pili mabasi. Shiuli alikuwa kwenye "Mengineyo".

Alisimama. Aliomba kitu kimoja: barua yenye mhuri wa chama, sentensi mbili, ikisema kwamba nukta zilikuwa za mapambo, na kwamba nyumba zote za Dokhinpara zilipimwa na zina watu wa miaka mingi. Afisa wa ardhi alikuwa ameshamwambia kwa simu kwamba barua isiyo na mhuri wa chama yeye hufungia tambuu.

"Dada yangu," Tanzim akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli, "hapa hakuna asiyeumia. Mimi mwenyewe yule mama wa bisi simsahau. Lakini hiyo barua inasema nini? Inasema ramani yetu si sahihi. Ramani isiyo sahihi inashindaje kombe?"

"Turudishe kombe basi."

Mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Unajua mkutano mkuu mwaka huu unafadhiliwa na nani?" akauliza mweka hazina. "Na yule yule anayejenga maghorofa. Tumwandikie kwamba orodha ya maghorofa yake ni ya uongo, halafu tumwombe ukumbi?"

Bwana Lutfor, mhadhiri mlezi wa chama, alikuwa akisahihisha kazi za mwaka wa kwanza muda wote huo. Akasema bila kuinua kichwa, "Katiba ibara ya tatu. Chama hakijihusishi na siasa."

"Mwalimu, si siasa. Ni ufunguo wa ramani."

"Kwenye kona pale pameandikwa mchoraji ni nani?"

Kila aliyekuwemo alijua kwamba ni Shiuli. Alikuwa ameomba mwenyewe jina lake liandikwe, na alilipeleka nyumbani kwa picha ya simu, baba yake akalitazama mpaka chaji ikaisha.

"Wewe, Kaka Tanzim, ndiye uliyesema ziwe nukta," akasema mwishowe.

"Nilisema ipendeze vipi. Sikusema ukweli uweje. Ukweli ulikuwa kwako, wewe ndiye wa kule."

Wakapiga kura. Sita walikataa. Nandita, anayekaa meza moja na Shiuli na kuazimana naye rula, hakuinua mkono kokote. Aliangalia kucha zake. Kisha Tanzim akapata wazo na uso ukamng'aa: wangefanya maonyesho juu ya Dokhinpara, picha na sauti za wazee, ili kumbukumbu isipotee. Wote wakakubali. Shiuli akateuliwa mratibu, maana watu wa kule wanamwamini.

Penye wengi hapaharibiki neno, husema watu. Hao hawajawahi kukaa kikao cha chama.

*

Aliandika barua yake peke yake, bila mhuri, akaipeleka manispaa. Ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Alikaa benchini tangu saa tatu mpaka baada ya adhuhuri, na sketi ikamgandia mapajani. Mhandisi Siddik, afisa wa ardhi, akampokea kwa heshima, akaamuru chai, akahamishia tambuu kwenye shavu jingine.

"Mwanangu, ile ramani! Wapima wangu wangekaa miezi mitano, na wangekosea. Wewe una mkono. Ukimaliza njoo, nitakutafutia nafasi."

"Bwana mkubwa, nukta zile zina makosa. Zile si nyumba za muda."

"Pameandikwa za muda."

"Tulikosea kuandika."

Mhandisi akaisoma barua yote, taratibu, mdomo ukitafuna. Kisha akavuta droo, akatoa mhuri wa "imepokelewa", akaupuliza, akaushika juu ya barua bila kuugonga.

"Sikiliza, nikusaidie kama baba. Nikiipokea hii, ramani ni ya uongo. Ikiwa ya uongo, ni ya uongo yote, mimi sina haki ya kuchagua ukurasa. Orodha inafutwa. Arobaini na moja wanarudi sifuri. Tunapima upya sisi wenyewe. Na ardhi ile ni ya reli, hakuna mwenye hati. Unajua sheria yetu ikienda kupima kwenye ardhi ya reli inakuta nyumba ngapi za kudumu?"

Shiuli alijua.

"Hata moja. Sasa Moksed, namba sita, ni nani wako?"

"Baba."

"Kifua, nasikia. Huko juu hewa ni nzuri." Mhuri ulikuwa bado hewani. "Nigonge? Kazi yangu ni kugonga tu, mwanangu. Ukisema nigonge, nagonga."

Feni ilizunguka. Kwenye benchi nje mtoto wa mtu alikuwa akilia. Shiuli alitaka kusema gonga. Alilitafuta neno lile kifuani, dogo tu, akalikosa. Alichokikuta ni baba yake ameketi kitandani saa tisa usiku, mikono kwenye magoti, anatafuta pumzi kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani. Akajichukia. Akanyoosha mkono, akaivuta barua kutoka chini ya mhuri.

"Umefikiri vizuri," akasema Mhandisi Siddik. "Maliza chai."

Akaimaliza, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliimaliza.

*

Nyumbani baba yake aliuliza neno moja. "Tumo?"

"Tumo."

"Na wale wa mtaroni?"

Shiuli akaivua miwani, akaifuta. Mzee akageukia ukutani.

Pale bombani Mama Kohinur alikuwa akimngoja na ndoo yake tupu, na wanawake wengine kumi nyuma yake, na Habul kando anajifanya anasuuza vikombe. Siku ile Shiuli alikuwa hajala kitu ila chai ya yule bwana.

"Wamesemaje, mwanangu?"

Angesema. Alikuwa amejipanga kusema tangu kwenye ngazi.

"Wanaliangalia, mama mdogo. Watakuja wenyewe kuona."

"Si niliwaambia!" Kohinur akawageukia wenzake. "Si niliwaambia mtoto huyu hawezi kutuacha? Nyie midomo tu. Habul, haya, mtake radhi!"

Habul akaweka vikombe chini, akasema, "Nisamehe, dada. Mtu akichanganyikiwa husema ovyo." Akampa chai, akakataa hela.

Wakaja kweli, baada ya siku tano. Akaja mmoja, kijana wa manispaa, ana kopo la rangi nyekundu, brashi, na simu yenye picha ya ramani. Alianza mwisho wa uchochoro, upande wa mtaroni. Picha ilikuwa ndogo, nukta hazionekani, akauliza nani anaweza kusoma mchoro huu, watu wote wakaita jina moja.

"Dada, ndiye wewe uliyechora? Alhamdulillahi. Huyu anaishia wapi, na huyu anaanzia wapi?"

Shiuli akamwonyesha kwa kidole. Lingine la kufanya hakuliona.

Mama Kohinur alikuwa mlangoni. Alfajiri alikuwa amepaka udongo mbichi kwenye yale matofali ya magotini, ukuta ulikuwa bado na unyevu, na alivaa sari yake ya Idi. Kijana akachovya brashi.

"Andika kubwa, baba. Hapo juu, chini ya paa, mvua isifute. Ngoja nikushikie kopo, utamwaga."

Kijana akachora mstari mmoja wa mshazari kwenye bati, kisha wa pili ukaukata wa kwanza. Rangi ikachuruzika kidogo. Kohinur alirudi nyuma hatua mbili, kopo mikononi, akatazama kazi ile na kuridhika.

"Ni namba ngapi hiyo?" akauliza.

Kijana akamtazama Shiuli. Kohinur akangoja, huku anatabasamu, amelishika kopo kwa mikono miwili, na uchochoro mzima umejipanga nyuma yake, kila mtu na mlango wake wazi.