Shamba la Bwana

Purificación Malabrigo aliuza nyumba ya mababu zake katika mji wa Taal pamoja na kila kilichomo, akatia saini mwenyewe, asubuhi, miwani ikiwa machoni. Hakufikiria kwamba maneno hayo yalimhesabu na Bwana.

Sanamu ya Kristo aliyelazwa kaburini, waliyoiita Bwana, ilikaa katika chumba cha chini tangu enzi ya Wahispania. Kila Ijumaa Kuu ilibebwa hadi kanisani. Kumpaka marashi na kumvisha ilikuwa kazi ya familia ya mtunzaji, ndio akina Malabrigo, na mtu mwingine hakumgusa. Nyumbani hawakuwahi kumwita mali. Nani huhesabu ndugu pamoja na makabati?

Mnunuzi, mwenye hoteli kutoka Manila, alimhesabu. Alitaka kumweka ukumbini, wageni wamtazame.

Purificación alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minane. Alijua machozi si ushahidi. Alifungua kasha la nyaraka akausoma wosia wa babu yake neno kwa neno. Ulisema kwamba sanamu si ya nyumba. Inafuata shamba la mpunga lililotengwa kwa gharama zake, na mwenye shamba ndiye mtunzaji. Wakili wa mnunuzi aliusoma mara mbili, akakiri kuwa muuzaji hawezi kuuza kisicho chake. Hakuuliza shamba ni la nani.

Lilikuwa la Tiburcio. Miaka tisa nyuma, Purificación na kaka yake walimuuzia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akililima, wala hawakumwambia neno juu ya Bwana. Sasa angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Siku mbili alinyamaza. Siku ya tatu alishika njia ya mashambani.

Tiburcio, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alimkaribisha kwa utani: kama amekuja kukagua daftari, basi limeliwa na panya. Purificación hakucheka. Alimsomea wosia wote.

Tiburcio aliutazama mpunga ulioanikwa uani.

“Miaka tisa nakula mpunga wake, Mwalimu, na hata ua sijamnunulia.”

“Hukuambiwa. Kosa ni letu.”

“Nyumba yenyewe ndiyo hii ya mianzi. Mlangoni hapiti.”

“Huo ni ukuta wa mianzi, Tiburcio. Unatolewa.”

“Na wewe je? Umemvisha tangu usichana wako.”

“Wosia umesema ni nani.”

Jumatano ya Juma Kuu waliung’oa ukuta wa mbele, wanaume wanane wakamwingiza Bwana. Ijumaa asubuhi mke wa Tiburcio alisimama mbele yake na kanzu ya mahameli mikononi, asijue aanzie wapi. Purificación alibaki nje, mikono nyuma, akamwelekeza kwa maneno: kwanza mkono wa kushoto, taratibu, kiwiko kina ufa. Kisha shingo. Kisha zile kamba za pembeni, zisikazwe sana.

Kanzu ilipokwisha kuvishwa, Purificación alikwenda kupanga foleni na waumini wengine waliokuja kumsindikiza Bwana kanisani.