Mlete Akiwa Mzima

"Ulemavu wake uko kwenye kiungo gani?"

Kalamu ya afisa ilikuwa inaelea juu ya mchoro wa mtu uliochapwa kwenye fomu, mtu asiye na nguo wala uso. Mkono ungetiwa alama, mguu ungetiwa alama. Dobi alimtazama mdogo wake aliyeketi kando yake, magoti pamoja, gauni limenyooka kama siku ya sikukuu.

"Andika kichwa," mdogo mtu akajibu mwenyewe.

"Kichwa si kiungo."

"Basi kikate, uone kama nitatembea."

Dobi akamkanyaga chini ya meza. Afisa hakucheka. Akamgeukia Dobi, kana kwamba yule mwingine ni mzigo ulioletwa kupimwa. "Anajua leo ni siku gani?"

"Jumanne," mdogo mtu akasema. "Barua ilisema Jumatatu. Tukaja, mkatuambia mtandao umelala."

Mtaani dada walimwita kwa kazi yake, Dobi, na mdogo wake kwa yake, Fundi. Alishona sare za shule kwenye chumba walichopanga wawili, na kwa miaka kumi na saba alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Dawa ilizinyamazisha, lakini ilimwachia mikono inayotetemeka, hivyo matundu ya vifungo ilibidi ayapeleke kwa fundi mwingine. Hilo alilizoea. Kadi ya ruzuku ya walemavu, ambayo leo ilikuwa inahakikiwa upya, ndiyo iliyomfungulia dirisha la dawa pale kliniki. Pasipo kadi, dirisha halikumjua mtu.

"Unashona?" afisa akauliza.

"Mishono iliyonyooka tu. Mikono—"

"Lakini unashona."

Akaandika.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. *Mhusika ni nadhifu, anajieleza vizuri, ana kazi. Hana ulemavu. Kadi imefungwa.* Dobi aliisoma barua akiwa amesimama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mikono imechujuka kwa sabuni, shuka za wagonjwa zimemzunguka kama kichuguu. Neno lililomchoma kuliko yote ni *nadhifu*. Lile gauni alilifua yeye, akalipiga pasi yeye, baada ya kutwa nzima ya kufua uchafu wa watu wengine.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akarudi kwa afisa.

"Mama, mimi naandika ninachokiona," afisa alisema bila kuinua macho. "Nimeona mtu mzima kama mimi. Kateni rufaa. Kamati inakaa mwisho wa mwezi, nami nitakuwamo. Mlete akiwa kwenye hali yake, tuione."

"Hali yake inazuiwa na dawa."

"Basi imezuilika. Ndiyo maana nikaandika hana."

Dobi alifika nyumbani, akaushika mlango kwanza, ndipo akaingia. Alieleza yote, hakuficha neno. Fundi alisikiliza huku akikata nyuzi kwa meno, kisha akacheka kile kicheko chake kifupi.

"Wanataka kuona? Wataona." Akatoa pakiti ya vidonge vilivyobaki, akamtia dada yake mkononi. "Vifiche. Siku kumi zinatosha, najijua."

"Una kichaa wewe?"

"Si ndicho wanachokataa?" Kisha akaacha kucheka. "Dada, vidonge hivi vitakwisha hata nikivimeza. Kuugua nitaugua tu. Bora niugue kukiwa na shahidi. Nitakuomba, tena nitakuomba vibaya. Usinipe."

Dobi alivishona ndani ya blauzi yake, chini ya kwapa, mahali pasipofikika kirahisi.

Siku nne za mwanzo hakukuwa na kitu. Ya tano Fundi hakulala. Ya saba Dobi alirudi kutoka kazini akamkuta katikati ya lundo la vitambaa: sare arobaini, kazi ya muhula mzima, amezifumua mshono kwa mshono, kwa subira, kwa sababu kola zilikuwa zinamtaja kwa jina. Ya nane alipiga magoti.

"Nipe, dada. Kimoja tu. Nimeshachoka nao, hawanyamazi. Nipe nipumzike, kisha tutaanza tena kesho."

"Zimebaki siku mbili, mdogo wangu."

"Wewe si dada yangu. Dada yangu angenipa."

Pakiti ilikuwa inamkwaruza Dobi ubavuni kila alipovuta pumzi. Angeweza kuinyofoa kwa mkono mmoja. Hakuinyofoa. Aliketi akampakata kichwa, akakubali kuitwa mchawi, muuaji, nyoka, na majina mengine ambayo hata walevi hawaitani, akajiambia kwamba haya yote anayafanya kwa ajili yake. Kusadiki hakusadiki.

Siku ya kamati walifika mapema. Fundi alikuwa peku, kanga moja begani, anabishana na ukuta. Foleni ikapasuka katikati ili wapite. Mlinzi akanyoosha rungu mbele ya mlango.

"Huyo haingii. Ndani kuna watu."

"Tumeitwa. Barua hii hapa, jina lake hili hapa."

"Mama, hii ni ofisi. Akivunja kitu, nani atalipa? Mimi?"

Kelele zikamtoa afisa, kikombe cha chai mkononi. Alimtazama Fundi kuanzia nyayo hadi nywele, na Dobi akaona wazi kwamba amemtambua.

"Mheshimiwa, si ulitaka kuiona? Iangalie."

"Katika hali hii hawezi kuhojiwa. Hawezi kujibu, hawezi hata kutia sahihi. Kanuni inataka mhusika ajieleze mwenyewe." Afisa alizungumza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Mlete akiwa mzima."

"Alipokuwa mzima ulisema haumwi!"

"Usinipigie kelele. Kanuni sikuziandika mimi."

"Nani aliziandika? Mwite! Mwite naye aje amtazame!"

Hakuna aliyeitwa. Afisa alimrudishia barua ikiwa na neno moja jipya pembeni, wino haujakauka: *Hakuhudhuria.* Fundi alikuwa ameketi chini, anamweleza mlinzi kwa adabu kubwa kwamba kola yake inasema uongo. Mlinzi akamsukuma kwa ncha ya rungu, kidogo kidogo, kama mtu anayefagia.

"Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mzee mmoja na binti yake mtu mzima, msichana mkimya aliyevaa nadhifu, nywele zimechanwa zikalala, macho yake mahali pengine kabisa. Mzee alikuwa ameona yote. Haraka akamfungua binti vifungo viwili vya juu, akamvuruga nywele kwa kiganja. Akamtazama Fundi pale chini. Akamfunga vifungo tena, akatoa kitana mfukoni, akaanza kuzichana upya.

"Nimesema anayefuata!"

"Tunakuja, mheshimiwa," mzee alijibu, na kitana kikabaki hewani, hajui akichane kichwa kile au akivuruge.